Kugawia wazee feni msimu wa joto ni kutupa hela. Hela yote iende kwenye paa

#1 Kibarazani
Wakuu, heshima zenu.

Kila Desemba vikundi vya mtaa hapa Dar vinachangishana, vinanunua feni za kusimama, vinapiga picha na wazee, basi. Hoja yangu ni hii: ukiwa na milioni mbili, usinunue feni hata moja. Paka paa rangi nyeupe. Chumba cha kupanga cha Manzese au Vingunguti ni futi kumi kwa kumi, bati tupu bila dari, dirisha moja linatazama ukuta wa jirani. Saa nane mchana bati limeshapanda nyuzi 60 na zaidi, na linamwoka aliye chini yake hata kabla hewa ya chumbani haijachemka. Feni inazungusha hewa ileile. Rangi inazuia joto lisiingie, haili umeme, na inamfaa kila mpangaji aliye chini ya paa hilo.

Wa kunipinga aje na vipimo, asije na hisia.

#2 Mwanasesere
Nimeweka kigoda. Ngoja wajuzi waje.

#3 FundiPaa
Rangi sawa, ila watu wanaingia kichwakichwa. Hesabu kwanza. Nyumba ya vyumba sita yenye msingi wa mita 9 kwa 8, bati likitokeza nje sentimita 60 kila upande, unapata 10.2 kwa 9.2, karibu mita za mraba 94. Ongeza mwinamo, ongeza mawimbi ya bati lenyewe, unafika kama 108. Rangi ya maji ya paa inakwenda mita za mraba 8 kwa lita, kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita 27. Ndoo ya lita 20 haitoshi, weka na makopo mawili ya lita 4. Anayekuambia ndoo moja inamaliza nyumba anaichanganya maji mengi, na masika ikipiga inageuka unga na kushuka na mvua.

Maandalizi ndiyo kazi yenyewe. Bati lenye kutu: brashi ya waya, praima ya kuzuia kutu, ndipo nyeupe ifuate. Bati jipya linalong'aa halishiki rangi. Lisugue kwa siki, au liache lipigwe na jua na mvua mwaka mzima. Osha kwa sabuni ya unga, suuza, likauke. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, funga kazi saa tatu. Bati likishapata moto rangi inakauka juu kabla haijashika chini, baada ya miezi mitatu inabanduka vipandevipande. Kanyaga kwenye mstari wa misumari tu, palipo na mbao. Geji 30, bati jembamba, ukiikanyaga katikati umeshatengeneza kidimbwi. Na msimu wa kupaka ni Agosti na Septemba, kabla ya vuli. Desemba umeshachelewa.

#4 Chumbageni
Lita 27 za rangi ya paa ni hela ndefu mkuu. Watu wa kipato cha chini wanatumia chokaa. Mfuko wa kilo 25, maji mpaka iwe kama uji mwepesi, chumvi kilo mbili ili ishike, gundi nyeupe ya mbao lita moja. Unachuja kwa neti ya zamani, unapaka na ufagio laini mikono mitatu. Weupe wake haupishani sana na wa rangi ya dukani.

#5 FundiPaa
#4, hiyo ni ya paa la zege, au ukuta. Kwenye bati usithubutu. Chokaa mbichi inakula zinki, na chumvi ndiyo inamaliza: ikipata unyevu wa usiku inaita kutu kwenye kila tundu la msumari. Misimu miwili mbele mzee ana paa jeupe linalovuja. Na lingine: nyumba za zamani za serikali zenye paa la kijivu la asbestosi, usipige brashi ya waya, usikwangue. Vumbi lake ni sumu ya mapafu. Hizo ziacheni mpaka aje mtu wa kuziondoa kwa utaratibu.

#6 Kaskazi
Mleta mada, feni inazungusha hewa ileile, ndiyo, na hiyo ndiyo kazi yake. Mwili unapozwa na jasho linalokauka, haungojei hewa ya baridi. Dar ya Januari ni nyuzi 32 au 33 na unyevu wa asilimia 70 na ushee. Jasho linatiririka tu, halikauki. Ukilipitishia upepo linakauka.

Ngozi ina nyuzi kama 35. Hewa ikiwa chini ya hapo feni inapoza mara mbili: inaondoa joto na inakausha jasho. Ikipita hapo inaanza kukuletea joto, lakini palipo na unyevu jasho bado linaibeba kwa nyuzi kadhaa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka kwenye 40. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kina woga zaidi, kinasema 32 ndani ya nyumba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney wakaja na 39 kwa vijana wenye afya, 38 kwa wazee, 37 kwa wazee wanaotumia dawa zinazopunguza jasho. Chukua mpaka wa katikati, Dar ya usiku haiufikii hata kidogo. Na mzee halali mchana tu. Rangi yako ya paa inafanya nini saa tano ya usiku?

Hesabu ya hela: feni ya kusimama inakula wati 55. Saa kumi kwa siku ni uniti 0.55, mwezi mzima uniti 16 na nusu.

#7 BwanaLuku
#6 umesahau kitu. Nyumba ya wapangaji sita ina mita moja. Wenye matumizi madogo wana zile uniti 75 za bei nafuu kwa mwezi. Nyumba ikizipita, bei inapaa. Feni nne mpya ni uniti 66, hapo bado taa, redio na friji la mpangaji wa mbele. Ndiyo maana ukirudi Februari unakuta feni ya msaada ipo juu ya kabati imefunikwa kanga. Haijaharibika, ila wenzake wamemnunia mzee kwa ajili ya umeme. Anayegawa feni agawe na mchango wa luku (umeme wa kulipia kabla) wa miezi minne, aupeleke kwa anayekusanya hela ya umeme wa nyumba nzima. Ukimpa mzee mkononi utanunuliwa unga.

Au chukua feni ndogo ya volti 12 inayokula wati 12 hadi 15, paneli moja na betri. Betri ndiyo inayokufa kwanza, hasa ya asidi ikikaa sakafuni kwenye chumba cha moto.

#8 MtuMbali
Habari ndugu. Niko Phoenix, Arizona, Marekani, huku kuna Wakongomani wengi wanaoongea Kiswahili na kila kiangazi kamati zetu zinagonga milango. Ninachotaka kusema: msichanganye joto letu na lenu. Hapa ni kavu, mwaka 2023 tulikuwa na siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi, na wilaya ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vya joto mwaka huo. Kwenye nyuzi 45 kavu jasho linakauka lenyewe, feni ni kikausha nywele kilichoelekezwa kwa bibi. Hapa feni bila AC ni hatari kweli. Huko kwenu #6 yuko sawa.

Lakini angalieni waliokufa ndani ya nyumba huku: wengi walikuwa na AC. Ilikuwa mbovu, au imezimwa kwa kuogopa bili. Chombo kilikuwepo na mtu akafa pembeni yake.

#9 Tarishi
#8 amefungua mlango, naingia. Nyote mnabishana kuhusu vitu, mmoja bati, mwingine feni. Kinachoua ni mtu kukaa peke yake siku mbili bila kugongewa mlango.

Chicago, Julai 1995: vifo 739 zaidi ya kawaida ndani ya siku chache. Wazee waliokuwa peke yao, ghorofa za juu, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi. Mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale, mmoja ulipoteza watu kwa kiwango cha mara kumi ya mwenzake. Jua lilikuwa moja na umaskini ulikaribiana. South Lawndale, uliopona, kulikuwa na maduka na watu barabarani, North Lawndale viwanja vitupu na nyumba zilizohamwa.

Ufaransa, Agosti 2003: karibu vifo 15,000. Mwaka uliofuata sheria ikalazimisha kila manispaa kuwa na daftari la wazee na walemavu wanaoishi peke yao, wapigiwe simu siku za joto kali. British Columbia, Kanada, 2021: vifo 619 ndani ya wiki moja, asilimia 98 ndani ya majengo, zaidi ya nusu wakiishi peke yao.

Milioni mbili hiyo lipa nauli na vocha za vijana kumi wa kugonga milango, itabaki chenji.

#10 Kibarazani
Tarishi, nakubali jina lako linakufaa. Ila Manzese nani anaishi peke yake? Chumba kimoja watu watano, bibi, wajukuu na jiko la mkaa mlangoni. Ya Chicago yaache Chicago. Hata huo mfano wa mitaa miwili umebishaniwa, wapo wanaosema mtaa uliopona ulikuwa na vijana wengi zaidi.

#11 Tarishi
Watu watano usiku. Saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni baba yuko bodaboda, mama yuko sokoni, watoto shule. Bibi yuko na nani saa nane, saa yako hiyo ya bati kupanda nyuzi 60?

#12 Mwanasesere
Ngumi ya kidevu hiyo 😂

#13 NesiZamu
Naomba niingize mambo ya wodini. Mnaposema "wazee" kama kundi moja mnakosea orodha. Anayetangulia ni mwenye dawa fulani kabla hujatazama umri wake. Anayemeza furosemide au dawa nyingine ya kukojoza kwa ajili ya presha au moyo. Anayetumia amitriptiline, dawa ya sonona na maumivu ya neva. Mgonjwa wa akili anayetumia largactil au haloperidol pamoja na artane (ya kupunguza mikakamao na mitetemeko inayoletwa na dawa hizo): jasho linapungua na hasikii joto mapema, anaweza kuvaa sweta mchana wa Januari. Hata piriton za kumlaza mzee usiku zimo. Hakuna anayeruhusiwa kuacha dawa kwa sababu ya joto, nasisitiza, lakini hao ndio mlango wa kwanza kugongwa. Wengine ni mwenye figo, mwenye kisukari, mjamzito, kichanga chini ya miezi kadhaa aliyefungwa nguo tatu, na mtu mzima asiyeweza kuinuka mwenyewe kitandani.

Halafu kuna jambo ambalo vikundi havigusi kwa aibu: choo. Choo kiko uani, mlango haufungi, usiku hakuna taa, sakafu inateleza. Bibi anaacha kunywa maji tangu alasiri ili asitoke usiku. Mnamletea katoni ya maji, analiweka chini ya kitanda kwa ajili ya wageni. Ndoo yenye mfuniko au poti la mtu mzima, taa ndogo ya kuchaji na kamba ya kushikia ukutani kuelekea uani vitamnywesha maji kuliko hotuba yoyote.

Mtembeleaji asiulize "hujambo bibi", atajibiwa "sijambo" hata na anayezimia. Aulize: tangu asubuhi umekojoa mara ngapi, mkojo ulikuwa rangi gani, umekunywa vikombe vingapi, leo ni siku gani. Atazame ulimi. Akichanganya siku na jana hakuchanganya, hilo ni jambo la dharura.

#14 Chumbageni
Nesi, kwa hiyo maji lita tatu kwa siku na ORS (pakiti za chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) kwa kila mzee? Tuweke kwenye mpango.

#15 NesiZamu
Hapana, hapo ndipo mnapoua watu kwa wema. Mwenye moyo uliochoka au figo ana kipimo chake cha maji kutoka kliniki, ukimjaza lita tatu mapafu yanajaa. Muulizeni daktari wake kabla ya msimu, andikeni kwenye daftari. ORS ni ya aliyetoka jasho jingi au anayeharisha, pakiti moja kwa lita moja kamili ya maji safi. Ukiweka nusu lita ili "iwe kali" unamzidishia chumvi. Pakiti zikikosekana: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, kwa lita moja. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu siyo mbadala.

#16 Mpemba_Mkimya
#6 kauliza swali la usiku na halijajibiwa. Bati likipotelewa na jua linapoa haraka, saa mbili usiku limeshakuwa la baridi. Mchawi wa usiku ni ukuta wa tofali la saruji na paa la zege. Vinakunywa jua mchana kutwa, vinaanza kulitema jua likizama, na vinaendelea mpaka saa nne, saa tano. Ukuta wa magharibi ndio mbaya, jua la alasiri linaupiga bapa. Weka kivuli upande huo: mwavuli wa majani, mti, turubai lililoachana na ukuta kwa shubiri moja ili hewa ipite. Rangi nyeupe ya ukuta wa nje, na hapa chokaa ya #4 inaruhusiwa.

Wazee wetu Unguja walijenga kwa mawe na chokaa, kuta nene, paa juu, na mlango ukitazamana na dirisha. Hawakuwa wajinga.

#17 Mwanasesere
Haya, Mji Mkongwe umeshaingia. Tungoje karafuu na pweza.

#18 Kaskazi
Kuhusu vipimo alivyotaka #1. Kipimajoto cha ukutani kinakudanganya, kinasoma ukuta. Kitundike kwa uzi katikati ya chumba, usawa wa godoro, mbali na dirisha. Kipimajoto cha pili kitie ndani ya mpira wa meza uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, toboa tundu, ingiza kichwa cha kipimajoto, ziba. Huo unasoma hewa pamoja na mionzi ya bati. Ukikuta kile cha mpira mweusi kimekizidi cha kwanza nyuzi tatu nne saa nane mchana, Kibarazani yuko sahihi, shida ni bati. Vikilingana na vyote viko juu, shida ni hewa isiyotembea na unyevu. Pima na saa nne usiku, hapo #16 atapata haki yake au atakosa. Nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kutoa majibu tofauti.

#19 Pwani_Kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Hamjataja dari wala matundu. Hapa nyumba za Kiswahili zenye makuti chumba hakichemki, tatizo la makuti ni moto na kuvuja. Ukibadilisha kuwa mabati umeondoa godoro zima la hewa lililokuwa juu ya kichwa. Kabla ya rangi weka dari hata ya mkeka au magunia yaliyoshonwa, yakae angalau shubiri mbili chini ya bati, na uache matundu pande mbili za ukuta juu ya dari. Bila matundu hewa ya juu inaoka kama tanuri la mkate, jioni inashuka. Madirisha yafuate upepo: kaskazi inavuma Desemba hadi Machi kutoka kaskazini mashariki, kwa hivyo tundu moja upande huo na jingine kusini magharibi. Tundu moja pekee halivuti kitu.

Na pangaboi kwenye chumba cha bati bila dari ni kosa. Ile hewa ya moto iliyopanda juu anaishusha yote kwa mgonjwa. Pia paa za chini, mapanga hayafiki mita mbili na robo kutoka sakafuni, mtu akiinua mkono kuvaa shati amekatwa.

#20 Kaskazi
Pangaboi bila dari nakubali mchana. Usiku bati likishapoa halina neno. Na neti ya mbu: inakata upepo wa feni sana. Msiitupe neti, malaria haingoji. Sogeza feni karibu na neti, ielekezwe kifuani, siyo miguuni. Kanga iliyoloweshwa na kukamuliwa ikiwekwa shingoni na mikononi, feni ikapita juu, inashinda feni mbili kavu.

#21 Muttrah_Kwetu
Assalam alaykum. Muscat hapa. Oman inasimamisha kazi za nje saa sita u nusu hadi tisa u nusu mchana, Juni mpaka Agosti. Qatar ni saa nne asubuhi hadi tisa u nusu, tangu Juni mosi hadi katikati ya Septemba. Sheria hizo zinasaidia vibarua wa ujenzi. Zilivyoandikwa hazimfikii dada wa kazi za ndani anayepiga pasi ndani ya kijumba cha uani kisicho na AC, wala anayeanika nguo juu ya paa. Vikundi vya Waafrika Mashariki huku tunapitisha ujumbe wa sauti tu, maana dada wengi hawaruhusiwi kutoka. Kanuni ni moja: ukipata kizunguzungu lowesha nguo uliyovaa, ndipo umwombe bosi ruhusa.

#22 Kilo_Mbili
Mada imeegemea vyumbani. Mama wa mboga na mama ntilie je? Wanakaa jua la saa saba na jiko la mkaa mbele. Freetown waliweka mapaa ya kivuli kwenye masoko ya wazi, na waliteua ofisa wa joto mwaka 2021. Hapa tunafunga turubai la bluu kwa kimo cha kichwa, nalo linageuka bati la plastiki. Liinue mita mbili na nusu hadi tatu, liache wazi pande zote, au tumia neti ya kivuli ya bustani katika tabaka mbili zilizoachana shubiri moja. Funga kwa kamba ya mpira, kamba ngumu inachana pindo upepo wa kaskazi ukishika kasi. Na wauzaji wa nyanya hawataki neti ya kijani, bidhaa inaonekana mbovu. Nunueni nyeupe au nyeusi.

#23 Chumbageni
Swali: mtu akianguka kwa joto tunamkimbiza hospitali au tunampoza kwanza? Nimeona majibu mawili kila mahali.

#24 NesiZamu
Anayechanganyikiwa, anayeweweseka au aliyezimia, na mwili unachoma: poza kwanza palepale huku mwingine anatafuta usafiri. Usimlaze kwenye bajaji umefunga mapazia. Mvue, mmwagie maji ndoo baada ya ndoo mwili mzima, mpepee kwa nguvu, endelea kumwagia hata njiani. Pepea kwa ubao, beseni, chochote. Lengo ni joto lishuke ndani ya nusu saa. Mlaze kwa ubavu. Aliyezimia hapewi maji mdomoni. Panadol haisaidii, hiyo siyo homa ya vijidudu.

Na hapa kuna mtego wa kwetu: mwili wa moto na maneno yasiyoeleweka, kila mtu anasema malaria imepanda kichwani, anafunikwa blanketi au anafukizwa. Inaweza kuwa malaria kweli. Kumwagia maji hakumdhuru mwenye malaria, kufukiza kunamuua mwenye joto. Poza, fikisha, kipimo cha malaria kitafanyika huko.

#25 MtuMbali
Nakazia #24. Zimamoto wa Phoenix tangu 2024 wanamwingiza mgonjwa kwenye mfuko usiopitisha maji uliojaa barafu ndani ya gari, hawasubiri kufika.

#26 Kilo_Mbili
Barafu kwapani tulifundishwa semina.

#27 NesiZamu
Peke yake ni dhaifu. Kama ipo iweke, lakini maji mengi na upepo ndiyo kazi. Barafu ya wauza juisi inaisha kabla hujafika barabarani.

#28 BwanaLuku
Mwenye insulini na friji hana, umeme ukikatika siku mbili? Mimi najua betri tu.

#29 NesiZamu
Chupa iliyofunguliwa isitupwe kwa hofu. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti walioiga joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya: insulini iliyokaa kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne haikupoteza nguvu kwa kiasi cha kujali. Tumia chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo. Chupa ziwe ndani ya mfuko mkavu. Dodoma kinapoza vizuri, Dar kwa unyevu wake kinapoza kidogo, ila kinazuia ile saa nane ya bati. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu.

#30 Kibarazani
Nimesoma zote. Bado niko upande wa paa, ila lita 27 badala ya 20 nimeziingiza kwenye bajeti. Linalonisumbua ni jingine: paa si la mpangaji. Kikundi kinapaka, nyumba inapendeza, mwenye nyumba anapandisha kodi Machi, bibi anahamia chumba cha moto zaidi. Yupo aliyepata njia?

#31 FundiPaa
Makubaliano ya ukurasa mmoja kabla ya kufungua ndoo, mbele ya mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa: kikundi kinatoa rangi na ufundi, mwenye nyumba hapandishi kodi ya vyumba vilivyotajwa kwa miezi 24, analisafisha paa kila Septemba kwa maji na brashi laini, maana vumbi la mwaka mmoja linakula weupe sana. Kama anavuna maji ya mvua, mvua mbili za kwanza baada ya kupaka zisiingie tangini. Mwenye nyumba akikataa kusaini, hamia nyumba ya pili. Mtaani hapakosi paa.

#32 BwanaLuku
Akikataa kusaini na bibi yumo ndani?

#33 FundiPaa
Dari ya magunia ya #19. Hiyo ni mali ya mpangaji, akihama anaikunja anaondoka nayo. Chumba cha futi kumi kwa kumi ni magunia kumi na mawili ya kilo mia yaliyofumuliwa, waya wa kufungia na misumari ya inchi mbili. Isiguse balbu wala waya wa umeme, na upande wa jiko iache futi tatu wazi.

#34 Tarishi
Na anayeifunga dari hiyo amuulize bibi amekojoa mara ngapi.